Msichana Ndani ya Ngoma ya Zimwi: Hotuba kuhusu Mtoto wa Kike katika Vitabu vya Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa elimu wa mkoa wetu, walimu wenzangu, wazazi, waandishi, wachoraji na wachapishaji mliosafiri kuja Tanga, na nyinyi wanafunzi mlioketi mikekani hapa mbele: nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake, na wakubwa zangu wote nawaamkia, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mtoto wa kike katika fasihi ya watoto, na aliyenialika akaongeza kwamba nisilitaje sana neno ufeministi kwa kuwa wapo watakaonuna. Basi nalitaja mapema ili tuendelee na kazi. Kwa maana ninayoikusudia leo, ufeministi katika kitabu cha mtoto ni kumhesabu msichana kuwa mtu kamili, mwenye akili ya kuamua, ulimi wa kusema, na haki ya kukosea kisha maisha yakaendelea, kama tunavyomhesabu kaka yake. Anayenuna kwa hilo atanuna peke yake, maana hata bibi yangu, ambaye hakupata kulisikia neno lenyewe, asingelipinga.

Tuanze na ukurasa mmoja. Sitakitaja kitabu, kwa kuwa si kimoja. Upande wa kushoto baba ameketi kitini, amekunja nne, gazeti mkononi. Nyuma yake, mlangoni mwa jiko, mama ameinama juu ya mafiga na moshi unampanda usoni. Upande wa kulia Juma anapiga mpira, na Asha ameshika ufagio. Chini ya picha kuna sentensi nne fupi za kumfundisha mtoto kusoma, na kila sentensi ni ya kweli, kwa sababu nyumba za namna hiyo zipo na pengine sisi wenyewe tumelelewa humo. Shida yangu ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza anausoma ukurasa huo kwa sauti, pamoja na darasa zima, mara nyingi kuliko atakavyousoma ukurasa mwingine wowote maishani mwake. Anajifunza silabi, na pamoja na silabi anajifunza nani hukaa na nani huinama.

Tena ukweli wenyewe ni nusu. Nendeni kwenye shughuli yoyote Ngamiani au Makorora mkamtazame anayegeuza sufuria la pilau la wageni mia tatu: mara nyingi ni mwanamume, amekunja mikono ya shati, jasho linamtoka, na watu wanamwita fundi kwa heshima zote. Kisha maji yakitoka teremkeni pwani mkawaone akina mama wakikagua kamba zao za mwani, wakibishana bei na mnunuzi, na jioni wakigawa fedha ya daftari za watoto. Mpishi yule na mkulima yule wa mwani ni Watanga halisi, lakini ni mara chache mno nimewakuta kitabuni. Kitabu kinachodai kuonyesha maisha yetu yalivyo kimechagua upande mmoja wa maisha hayo, na upande huo umekuwa ni uleule kwa miaka mingi.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1972 mwanasosholojia wa Marekani Lenore Weitzman na wenzake walichapisha utafiti juu ya vitabu vya picha vya watoto, vikiwemo vilivyopata nishani ya Caldecott, ambayo huko hupewa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha mwaka. Katika vitabu vilivyoshinda na vilivyofuatia kwa miaka mitano walikuta picha 261 za wanaume na wavulana, na 23 tu za wanawake na wasichana. Walipofika kwa wanyama ambao jinsia yao ilijulikana, pengo likawa kubwa zaidi: madume 95 kwa jike mmoja. Mwaka 2011 watafiti wengine wa huko huko walichapisha matokeo ya kupitia vitabu karibu elfu sita vilivyotoka kati ya mwaka 1900 na 2000, wakaona kwamba kwa wastani wa kila mwaka mhusika mkuu alikuwa wa kiume katika asilimia 57 ya vitabu, na wa kike katika asilimia 31. Nchi yenye wachapishaji wengi, maktaba kila mtaa na harakati za wanawake za miaka nenda miaka rudi, hesabu zake za karne nzima zilikuwa hizo. Sisi wenye vitabu vichache tuna sababu kubwa zaidi ya kuangalia, kwa kuwa mtoto wetu akikutana na vitabu vitatu kabla ya darasa la nne, hivyo vitatu ndivyo ulimwengu wake wote wa vitabu.

Hiyo hesabu ya wanyama imenifanya niwatazame upya wanyama wetu. Kiswahili hakimwambii msikilizaji kama Sungura ni dume au jike. Bibi anaweza kusimulia kisa cha Sungura, Fisi na Simba tangu magharibi hadi watoto wasinzie, asitoe hata neno moja la kulazimisha jinsia. Sungura alikwenda, alidanganya, alikimbia, na kila mtoto anayesikiliza anaweza kuwa Sungura. Ngano ikifika kwa mchoraji ndipo Sungura anapovishwa kaptura, Simba anapovishwa joho, na ndipo anapozaliwa kiumbe ambaye kwenye masimulizi hakuwepo kabisa, yaani mke wa Fisi, mwenye kanga kiunoni na mchi mkononi. Lugha ilituachia mlango wazi, kalamu ya mchoraji ikaufunga. Siwalaumu wachoraji peke yao. Ninajua jinsi kazi zinavyowafikia: muswada umeshahaririwa, tarehe ya kiwanda imekaribia, maelekezo yametolewa kwa simu, na malipo ni ya kuonea aibu. Lakini mtu akiniuliza ni nani mwenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kumpa msichana wa Kitanzania nafasi kwenye kitabu kesho asubuhi, bila kubadili sentensi hata moja, nitamtaja mchoraji. Mchoreni Sungura amejitanda kanga yake, ameifunga kibwebwe kwa safari, anamhadaa Simba kisimani. Watoto watacheka vilevile, na wasichana watacheka zaidi.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba mawazo haya yote kuhusu msichana ni ya kigeni, yameletwa na meli. Mara nyingi husemwa kwa nia njema, na mwenye kusema hivyo huwa analinda kitu anachokipenda, kwa hiyo nitamjibu kwa vitu vyetu wenyewe. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Ni miongoni mwa tungo kongwe tulizonazo ambazo mzazi anazielekeza kwa mtoto wake wa kike. Sehemu kubwa ya wasia ule inahusu utii na huduma kwa mume, na wasichana wa leo wakiusoma darasani hukunja uso. Wana haki ya kukunja, na mwalimu mwema atawaacha wabishane nao. Hata hivyo, yatazameni yaliyomo katika beti za mwanzo. Mama anamwita binti asogee, aketi, naye aje na wino na karatasi, kwa kuwa anayo maneno moyoni. Mama anatunga na binti ana kalamu, na karibu na mwisho mtunzi anawataka wanawake wausome utendi huo. Hayo yalitokea zaidi ya miaka thelathini kabla ya Wajerumani kufungua shule ya serikali hapa Tanga. Mtoto wa kike mwenye wino mkononi alikuwepo pwani hii kabla ya meli wanayoisema.

Na ndugu zetu Wadigo, ambao wengi wenu ni watoto wao, tangu zamani walihesabu ukoo upande wa mama. Atakayesema kwamba kumpa mwanamke uzito ni jambo geni huku aanze kwa kuwauliza wao.

Kisha tunaye Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, mwaka 1909. Wengi tunakumbuka kwamba aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha, Hati kwa binti na Adili kwa mtoto wa kiume, na kuna mengi ya kujadili katika uamuzi huo wa kumpa kila mmoja kitabu chake cha maadili. Mimi leo nashukuru zaidi kwa kazi yake nyingine. Alipotaka kuandika maisha ya mtu, mbali na yake mwenyewe, alimwandika Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika ufukara, akauza vyungu, akaja mjini, akadharauliwa kwa asili yake na sura yake, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zilizopeleka sauti ya Kiswahili mbali. Huyo hakuwa malkia wala mke wa mkubwa. Ningependa kuona maisha ya namna hiyo, ya Siti na ya Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, na wengineo, yakiandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa, kwa herufi kubwa, na picha ya vyungu vyenyewe barabarani.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye ngano moja ambayo wengi mmeisikia kwa bibi zenu, na ambayo kila kijiji cha pwani kina namna yake ya kuisimulia. Wasichana wanakwenda baharini kuokota simbi, zile kombe ndogo za pwani. Mmoja anapata simbi nzuri kuliko zote, anaiweka juu ya jabali ili aendelee kuokota, na maji yanapoanza kujaa wanaondoka, naye anaisahau. Njiani anakumbuka. Anawaomba wenzake wamsindikize, wanakataa, anarudi peke yake huku akiimba ili ajipe moyo. Juu ya jabali ameketi Zimwi. Zimwi anamwambia aimbe tena, na asogee, kwa kuwa hakumsikia vizuri. Akisogea anakamatwa na kutiwa ndani ya ngoma. Tangu siku hiyo Zimwi anazunguka kijiji hadi kijiji. Anapiga ngoma, mtoto anaimba humo ndani, watu wanastaajabu na kuleta wali na kuku, na Zimwi anakula. Anazunguka hivyo mpaka anafika kijijini kwao yule msichana, na hapo mama anaitambua sauti. Zimwi anakirimiwa mpaka analala fofofo, ngoma inafunguliwa, mtoto anatolewa, na mahali pake wanatiwa nyuki na siafu. Kilichompata Zimwi alipoifungua ngoma yake mnakijua.

Nimekaa nyuma ya madarasa ambamo ngano hii inasomwa, na nimelisikia swali la mwisho wa kipindi: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima, kwa sauti moja iliyozoea, linajibu kwamba inatufundisha tusiwe na tamaa, na mwalimu anaongeza kwamba msichana asitembee peke yake. Tamaa ya nini? Ya simbi yake mwenyewe, aliyoiokota kwa mkono wake! Mtoto alisahau kitu chake, akaomba msaada, akanyimwa, akakifuata. Katika kisa kizima yeye ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote, na ndiye pekee tuliyemfungulia mashtaka.

Hakuna aliyeuliza kuhusu wenzake waliokataa kumsindikiza. Hakuna aliyeuliza kuhusu watu wa vile vijiji vya mwanzo, waliosikia sauti ya mtoto ikitoka ndani ya ngoma, wakaifurahia, wakalipa, wakaenda kulala. Na Zimwi, tukimvua mkia na meno, ni mtu anayekula kwa jasho la mtoto asiyeonekana. Wanafunzi wa darasa la tano wa mkoa huu wanamjua mtu wa namna hiyo. Wana dada na binamu waliochukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani kwa ahadi ya kusomeshwa, na ahadi ikaishia kituo cha mabasi. Waulizeni Zimwi wa siku hizi ni nani, halafu waacheni waseme. Hawatasema neno juu ya tamaa. Waulizeni pia kama nyumba ya jirani kuna ngoma inayoimba, na hapo mwalimu ajiandae, kwa sababu anaweza kupata jibu linalompeleka kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kengele ya mapumziko.

Na tazameni msichana huyu anaokolewa na nini. Hakuna mwana wa mfalme. Zimwi asingeweza kumnyamazisha, maana angekosa chakula. Alilazimika kuitembeza nchi nzima sauti ileile ambayo mwisho ingemfichua. Mwaka 1697 Charles Perrault alichapisha kule Ufaransa kisa cha binti anayelala majivuni, ambaye mwana wa mfalme anamtafuta na kumpata kwa kiatu. Kisa hicho kimetafsiriwa, kimechorwa na kuchezwa hadi watoto wetu wanakijua kuliko ngano za huku. Binti wetu alijulikana kwa sauti yake, na aliyemjua ni mama yake. Mwandishi anayetafuta mahali pa kuanzia, asihangaike kuvuka bahari. Ngano hii inaweza kuchapishwa kama ilivyo, bila kuongezwa hotuba. Kinachotakiwa kubadilika ni yale maswali matatu yanayopigwa chapa chini ya ukurasa wa mwisho.

Zipo lakini hadithi ambazo maswali hayatoshi kuziokoa, na hapa nazungumzia hasa vitabu vya watoto wakubwa kidogo, wa darasa la sita hadi kidato cha pili. Msichana ni mzuri, anafaulu, anaanza kupokea chipsi na nauli kutoka kwa mwanamume fulani, anapata mimba, anafukuzwa shule, anakwenda mjini, anaugua, anakufa. Mwanamume anatoweka kwenye ukurasa wa kumi na nane na mwandishi hamtafuti tena. Ninaelewa hofu iliyozaa hadithi hizi, na miaka ile ya mwanzo ya Ukimwi hofu hiyo ilikuwa na makaburi yake. Lakini kijana anayesoma kitabu hicho leo anasoma jambo ambalo sera imekwisha kuliacha nyuma. Mnamo Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Basi mko wapi, waandishi, na msichana anayerudi? Anayeketi dawati la nyuma akiwa na umri zaidi ya wenzake, ambaye mama yake amebaki na mtoto, ambaye maziwa yanamlowesha sare saa nne asubuhi na hajui amwombe nani ruhusa ya kutoka, na ambaye mwalimu mmoja anamtendea vizuri na mwingine anamsema mbele ya darasa? Hiyo ni hadithi yenye kila kitu ambacho hadithi inahitaji. Na mwanamume wa ukurasa wa kumi na nane naye arudishwe, aulizwe.

Neno ninalofuatisha wachapishaji hawatalipenda. Kwa miaka kadhaa sasa vimetoka vitabu vingi vya kumwezesha mtoto wa kike, vingine kwa fedha za miradi, na vingi vyao ni vibaya. Shujaa wao ana miaka kumi na miwili, ni wa kwanza darasani, hajawahi kusema uongo, anakataa kuozwa kwa hotuba ya aya tatu yenye vifungu vya haki za binadamu, baba anatubu, mwenyekiti wa kijiji anapiga makofi, na ukurasa wa ishirini na nne shujaa ni daktari. Ufagio umeondolewa mkononi mwa Asha, akapewa kipaza sauti. Lakini bado hakuna mtu ndani ya gauni lile, kwa sababu Asha wa zamani alikuwepo ili aonyeshe utii na huyu wa sasa yupo ili aonyeshe ujumbe. Mtoto msomaji anautambua mkutano wa hadhara hata ukichapishwa kwa rangi nne, naye hufanya kama sisi watu wazima tunavyofanya kwenye mikutano hiyo, husubiri uishe.

Ninapopewa muswada wa namna hiyo naangalia kitu kimoja: katika kurasa za mwanzo, msichana huyu anataka nini, ukiacha haki zake? Anataka baiskeli ya kaka yake? Anataka kuongoza kaswida mbele ya rafiki yake anayemwonea wivu? Amepoteza chenji ya mafuta ya taa na anatafuta uongo wa kusema akifika nyumbani? Kama hataki chochote, mwandishi bado hajakutana naye. Msweden Astrid Lindgren alipomtoa Pippi wake mwaka 1945, alimtoa msichana anayeishi bila wazazi, anayemnyanyua farasi kwa mikono, anayejisifu, anayesema uongo mchana kweupe na asiyeweza kukaa darasani. Hakuna ukurasa unaotangaza kwamba wasichana wana nguvu. Farasi amekwisha kunyanyuliwa, na msomaji ameona.

Hata mambo ya kweli ni matamu kuliko hotuba hizo za shujaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa kufika 18, na mahakama iliweza kuidhinisha hata ndoa ya mwenye miaka 14. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alifungua shauri, Mahakama Kuu ikatoa hukumu mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo mwaka 2019. Hapo kuna makaratasi, mihuri, miaka ya kungoja na watu wanaosema haiwezekani. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kabisa kufuata kisa cha mtu anayengoja, mradi mwandishi asikiruke kile kipindi cha kungoja.

Kama tunataka kujua wasichana wanataka kusema nini, wapo walioanza kuwauliza kabla yetu. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Muhando Mlama na wenzake walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa wakaeleza yanayowazuia kusoma, wakayatungia michezo ya kuigiza, wakaicheza mbele ya walimu na wazazi walewale waliohusika, na baadaye mpango ukaenea nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, shirika la wanawake wa Afrika linalotetea elimu ya wasichana. Ninachokipenda katika kazi ile ni kwamba mtunzi mkubwa wa tamthilia, ambaye angeweza kuwaandikia wasichana maneno mazuri kuliko yao, aliwapa jukwaa wakasema ya kwao. Sisi wa vitabu vya watoto tumechelewa sana kwa hilo. Tunaandika, tunahariri, tunachora, tunachapa, na mtoto wa kwanza kukisoma kitabu ni yule aliyenunuliwa nakala, wakati makosa hayawezi tena kusahihishwa.

Kuhusu wavulana nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe halina utata mwingi. Vitabu vyenye shujaa wa kike visiwekwe kwenye rafu ya wasichana. Mwalimu anayesema "wasichana chukueni hivi, wavulana chukueni vile" anafanya kwa sekunde kumi kazi ambayo mwandishi mbaya huifanya kwa kurasa thelathini. Msichana amesoma safari za wavulana tangu tulipoanza kuwa na vitabu na hakuna aliyehofia kwamba atadhurika. Mvulana naye akae akimwogopea msichana aliye ndani ya ngoma, amsikie akiimba. Na mvulana wa kitabuni aruhusiwe kulia, kubeba mdogo wake mgongoni, na kuwa fundi wa pilau.

Wazazi mtaniuliza, na mmoja ameshaniuliza pale mlangoni, kama vitabu hivi havitamfundisha binti yake ukaidi. Nilimjibu kwamba binti anayesoma atauliza maswali mengi, mengine wakati mbaya, wakati chakula kiko motoni na wageni wapo ukumbini. Hilo litatokea, na sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Lakini mtoto aliyezoea kuuliza nyumbani ndiye anayekuja kusema nyumbani pale mtu mzima anapomfanyia jambo asilolielewa. Mzazi yule alikaa kimya kidogo, kisha akauliza bei ya vitabu, na hilo kwa kweli ndilo swali gumu zaidi, kwa kuwa kitabu cha picha chenye kurasa chache kinaweza kugharimu chakula cha siku nzima cha nyumba. Hapo sina jibu zaidi ya maktaba: shule zilizo jirani zinunue kwa pamoja, sanduku lizunguke, na vitabu vichakae mikononi mwa watoto badala ya kufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu visije vikachafuka. Nimeviona vitabu vilivyotunzwa hivyo. Ni visafi kabisa.

Wachapishaji wameniahidi jambo moja, na ninalitaja mbele yenu ili lisisahaulike: kila muswada wa hadithi ya watoto watakaouleta mkoani kwetu utasomwa kwa sauti katika darasa moja la wavulana na wasichana kabla haujapelekwa kwa mchoraji, na mwandishi atakuwepo, ameketi nyuma, amenyamaza. Waandishi wenye nia ya kupeleka kazi zao kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo siku hizi ina nafasi ya hadithi za watoto, nawashauri wapite njia hiyo kwanza. Miswada iliyoletwa leo iko mezani kwa katibu, pembeni ya dirisha. Baada ya chai wachoraji watakaa na waandishi, wawili wawili, na kila mmoja aanze kwa kuhesabu ni nani aliyesimama, ni nani aliyeketi na ni nani anayezungumza katika kila ukurasa. Wanafunzi wa darasa la tano mtakaa nao, kila kundi wawili, na mna ruhusa ya kusema kwamba hadithi inachosha.